Mayai Ndani ya Maikrowevu: Namna ya Kuyapika Yasikupasukie

Usiweke yai lenye ganda ndani ya maikrowevu, wala usipashe moto humo yai zima lililokwisha kuchemshwa, hata kama umelimenya. Nayatanguliza haya mawili kwa sababu watu wengi wanalijua la kwanza na hawalijui la pili, na hilo la pili ndilo lililotupata nyumbani kwetu Langoni, hapa Lamu. Usiku mmoja wa Ramadhani, wakati wa daku, mpwa wangu alitoa kwenye friji yai lililochemshwa tangu magharibi, akalimenya, akalipasha kwa dakika moja. Lilitoka zima, jeupe, limetulia katikati ya kisahani. Alipolichoma kwa uma tu likapasuka, na kiini chenye moto kikamrukia shavuni, chini kidogo ya jicho.

Sababu yake inaeleweka. Mawimbi ya maikrowevu huyatikisa maji yaliyomo ndani ya chakula, na mtikisiko huo ndio unaoleta joto. Kiini kimefungwa kwa utando mwembamba, na yai likishaiva, ute uliogandamana hukizunguka kama ukuta. Matone madogo ya maji yaliyonaswa ndani ya kiini yanaweza kupita joto la kuchemka bila kugeuka mvuke, kwa kuwa hayana pa kutokea. Uma au jino linapopenya, yote hugeuka mvuke kwa mara moja. Mwaka 2017 wataalamu wa sauti nchini Marekani walieleza jinsi walivyopasha ndani ya maikrowevu karibu mayai 100 ya kuchemsha, yakiwa ndani ya maji, na wakaona kwamba viini vilikuwa na joto kuliko maji yaliyoyazunguka. Baadhi yalipasuka yakiwa yameshatolewa, pale tu yalipochomwa kwa kitu chenye ncha. Kwa hiyo yai kutulia ndani ya chombo si dalili ya usalama. Ukitaka kulipasha yai la kuchemsha, likate vipande vidogo kwanza, au, lililo bora zaidi, litie ndani ya maji ya moto kwa dakika chache ukiacha maikrowevu ipumzike.

Sasa chombo. Vikombe vya kauri vyenye ukingo wa dhahabu, ambavyo nyumba nyingi za hapa zimevirithi na huvitoa kwa wageni, visiingie kabisa, kwa sababu ule mstari ni madini na utatoa cheche. Sahani za melamini nazo ziache kabatini, kwani hushika joto na kupasuka, na si plastiki iliyotengenezwa kwa kazi hii. Tumia bakuli la kioo kinachostahimili moto au la kauri tupu, liwe kubwa kuliko unavyodhani, maana yai hufura.

Mayai ya kuvuruga ndiyo salama zaidi, nami ndiyo ninayomfundisha kila anayeanza. Pakaza bakuli siagi au mafuta, vunja mayai mawili, tia vijiko viwili vya maziwa na chumvi, kisha piga kwa uma mpaka usione tena mstari wa ute peke yake. Usiharakishe hapa: kiini kilichopigwa sawasawa hakina tena utando wa kufungia mvuke. Katika maikrowevu ya wati 800, pika kwa sekunde 30, toa, na utaona ukingo umeshika huku katikati kukiwa bado majimaji. Kwangua ule ukingo uulete katikati, koroga, rudisha kwa sekunde 20 au 30, koroga tena, na uendelee kwa sekunde 15 mpaka yakaribie kukauka. Hapo yatoe yakiwa bado yana unyevu kidogo na uyafunike kwa dakika moja, kwa kuwa joto lililomo huendelea kuyapika. Ukingoja yakauke ndani ya mashine, yatakuwa kama mpira. Wati ninazozitaja ni zile za kupikia. Kibao cha nyuma aghalabu huonyesha pia wati za umeme unaoingia, ambazo ni nyingi zaidi, na ukizichanganya utakosea muda.

Anayependa yai lisilovurugwa alivunje ndani ya bakuli lililopakwa mafuta, kisha atoboe kiini kwa kijiti cha meno mara tatu au nne. Toboa kwa upole mpaka uhisi utando umeachia. Kiini hakitamwagika chote, kitatoa uzi mwembamba wa manjano tu. Funika kwa kisahani ukiacha upenyo wa mvuke, punguza nguvu ya mashine ifike nusu, na upike kwa sekunde 40, kisha kumi kumi. Ukisikia mlio wa kupasuka, zima, wala usifungue mlango mara moja. Kila unapomaliza, acha yai dakika nzima, kisha fungua kifuniko ukielekeza upande ulio mbali nawe, na ulikate kabla ya kulitia mdomoni.

Maikrowevu haipiki pande zote sawa, na bakteria wa salmonela huweza kubaki palipopoa. Yai liive mpaka ute na kiini vishikane, yaani nyuzijoto 71 kwa mwenye kipimajoto, hasa likiwa la mtoto, mja mzito au mzee. Mayai yetu huvuka kwa mashua kutoka Mokowe na kumalizia safari juu ya punda au mkokoteni, kwa hiyo kagua trei nzima na ulitupe lililopasuka ganda.

Likikurukia pamoja na tahadhari zote, peleka mahali palipoungua chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala usipake dawa ya meno, samli wala asali. Jicho likiguswa, lioshe kwa maji safi mengi, kisha nenda hospitali usiku huo huo bila kungoja kupambazuke.