Bekapu ya ofisini pamoja na ya wingu: kuipanga kwa restic hadi siku ya kurejesha data

Nakala iliyo ofisini hukurudishia data haraka. Iliyo kwenye wingu hukuokoa ofisi ikiungua, ikiibiwa, au virusi vya kudai fidia vikifunga kila mashine. Hapa tunaziunganisha: seva moja ya Linux yenye PostgreSQL (programu ya hifadhidata) na folda ya nyaraka, kifaa cha NAS (hifadhi ya mafaili ya mtandao) ofisini, na baketi ya S3 (chombo cha kuhifadhi mafaili kwenye wingu). Programu ni restic, ya kutengeneza bekapu (toleo la 0.14 au jipya zaidi, kwa kuwa hilo linabana data), na rest-server, inayopokea bekapu za restic kupitia mtandao.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya mtandao kwanza

Kasi ya kupakia ya megabiti 10 kwa sekunde ni megabaiti 1.25, yaani gigabaiti 4.5 kwa saa. Data ya gigabaiti 400 itachukua karibu saa 89, na hiyo ni kama mtandao haukatiki. Ni kazi ya mara moja tu, kwani baada ya hapo hupanda mabadiliko peke yake. Waulize pia wenye biashara maswali mawili: wako tayari kupoteza kazi ya saa ngapi, na wanaweza kukaa bila mfumo saa ngapi? Jibu la kwanza linapanga ratiba ya bekapu. La pili linaamua utarejeshea wapi.

Hatua ya 2: Toa hifadhidata kwa njia sahihi

Usinakili mafaili ya PostgreSQL ikiwa inafanya kazi. Utapata nakala ambayo nusu yake ni ya sasa na nusu ya dakika mbili zilizopita, na huenda isiwake kabisa. Tumia:

`pg_dump -Fc -Z0 -f /var/bekapu/mauzo.dump mauzo`
`pg_dumpall --globals-only -f /var/bekapu/watumiaji.sql`

Hiyo `-Z0` ina kazi kubwa. Restic hukata data vipande vipande na haihifadhi kipande kilekile mara mbili. Faili likishabanwa na pg_dump, badiliko dogo huvuruga baiti nyingi zinazofuata, restic ikaona karibu kila kitu ni kipya, na kila usiku unapakia hifadhidata nzima. Acha restic ibane yenyewe. Jina la faili nalo libaki lilelile kila siku, usiongeze tarehe, maana tarehe inatunzwa na snapshoti (picha ya data ya bekapu moja).

Amri ya pili husahaulika sana. pg_dump haibebi watumiaji wa hifadhidata na nywila zao, na upungufu huo huonekana siku ya kurejesha.

Hatua ya 3: NAS inayopokea tu

Usiiunganishe NAS kama diski ya mtandao kwenye seva. Kirusi kikiingia kwenye seva kitaifikia na kuifuta kama folda nyingine yoyote. Badala yake, washa rest-server kwenye NAS:

`rest-server --path /data/ghala --append-only --private-repos`

Watumiaji wake huwekwa kwenye faili la `.htpasswd`. Kwa mpangilio huu seva inaweza kuongeza snapshoti, lakini haiwezi kufuta zilizopo. Anzisha ghala (mahali restic inapoweka bekapu) kwa `init`, kisha kila usiku, baada ya pg_dump kumalizika bila kosa:

`restic --repository-file /etc/restic/ghala --password-file /etc/restic/nywila backup /var/bekapu /srv/nyaraka`

Kusafisha snapshoti za zamani kunafanyika kwenye NAS yenyewe (`seva1` ni jina la mtumiaji wa seva kwenye rest-server):

`restic -r /data/ghala/seva1 forget --keep-within-daily 14d --keep-within-weekly 2m --keep-within-monthly 1y --prune`

Iendeshe kwa mtumiaji yuleyule anayeendesha rest-server. Ukitumia root (msimamizi mkuu wa mashine), mafaili mapya yatakuwa mali ya root, rest-server itashindwa kuyasoma, na bekapu ya usiku unaofuata itagoma. Epuka `--keep-last`: aliyeiteka seva anaweza kuongeza snapshoti tupu nyingi hadi zile za kweli zisukumwe nje. Tazama orodha ya `restic snapshots` kabla ya kufuta.

Hatua ya 4: Peleka kwenye wingu

Ghala la wingu lianzishwe kutoka NAS, hivi:

`restic -r s3:https://ANWANI/baketi init --from-repo /data/ghala/seva1 --copy-chunker-params`

Bila `--copy-chunker-params`, maghala mawili yatakata data kwa mipaka tofauti. Ukija kupakia moja kwa moja kutoka seva hadi wingu siku NAS imekufa, karibu kila kitu kitapanda upya. Kisha kila usiku:

`restic -r s3:https://ANWANI/baketi copy --from-repo /data/ghala/seva1 --limit-upload 600`

Namba 600 ni kibibaiti kwa sekunde, karibu nusu ya laini ya megabiti 10. Mtandao ukikatika, rudia amri ileile: vilivyokwisha kupanda na kuorodheshwa havipandi tena.

Hatua ya 5: Linda baketi

Wengi huwasha Object Lock (kufuli inayozuia kitu kufutwa) ya siku 30 na kudhani wamemaliza. Tatizo ni kwamba siku hizo huhesabiwa tangu kitu kilipopakiwa. Vipande vilivyopanda miezi mitatu iliyopita havina kufuli tena, na snapshoti ya leo bado inavitegemea.

Kwa hiyo washa utunzaji wa matoleo ya zamani kwenye baketi, na ufunguo ambao NAS hutumia kuingia kwenye baketi usipewe ruhusa ya `s3:DeleteObjectVersion` (kufuta toleo la zamani). Mtu akiuiba na kufuta, kinachowekwa ni alama ya kufutwa tu, data iko chini yake. Weka kanuni ya kuondoa matoleo yaliyofutwa baada ya siku 35. Huo ndio muda wako wa kugundua uvamizi. Akaunti kuu ya wingu iwe na uthibitisho wa hatua mbili, na isiingiwe kutoka mashine za ofisini.

Jihadhari na madaraja ya bei nafuu: S3 Glacier Deep Archive huchukua hadi saa 12 kwa ombi la kawaida kabla data haijasomeka, na hutoza angalau siku 180. Kwa ghala la restic, baki kwenye daraja la kawaida.

Hatua ya 6: Rejesha, ukiwa na saa mkononi

Chapisha kwenye karatasi anwani ya ghala, funguo za baketi na nywila ya restic, zikae nje ya ofisi. Restic husimba kila kitu, na nywila ikipotea hakuna anayeweza kufungua.

Kila robo mwaka, chukua mashine isiyo ya ofisi na karatasi hiyo peke yake. Kwa kasi ya kupakua ya megabiti 50, gigabaiti 400 ni takriban saa 18. Kama biashara haiwezi kungoja hivyo, washa seva ya muda ndani ya wingu, kanda ileile ya baketi, urejeshe huko:

`restic -r s3:https://ANWANI/baketi restore latest --target /rejesha`

Kisha fuata mpangilio huu: `watumiaji.sql` kwa psql kwanza, `createdb mauzo`, halafu

`pg_restore -j 4 -d mauzo /rejesha/var/bekapu/mauzo.dump`

Ukianza na pg_restore, utapata makosa mengi ya mmiliki asiyekuwepo. Ikimaliza, mwite mtu wa uhasibu afungue mfumo na kutafuta ankara ya mwisho ya jana.