Kitunguu, chumvi na hadubini: jinsi ya kuona seli ya mmea ikipoteza maji

Mtu akikata kitunguu cha kachumbari, akakinyunyizia chumvi na kukifikicha, haipiti muda bakuli linakuwa na maji. Hakuna aliyeyatia. Mengi yalikuwa ndani ya seli za kitunguu. Nafundisha baiolojia sekondari, na kabla sijaandika neno osmosisi (maji kupita kwenye utando kuelekea penye chumvi nyingi zaidi) ubaoni huwa naanza na bakuli hilo, kisha tunahamia kwenye hadubini.

Tayarisha kitunguu maji chekundu, wembe mpya, kibano, slaidi na vifuniko vyake, chumvi ya mezani, maji safi na karatasi ya chooni. Hadubini ya kukuza mara 100 inatosha.

Hatua ya 1: Koroga maji chumvi

Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwa glasi ya mililita 200. Hiyo ni kama gramu 30 kwa lita. Maji ya bahari yana takriban gramu 35, kwa hiyo ukiwa Tanga au Lamu chota tu baharini, chuja kwa kitambaa, uendelee na kazi.

Usizidishe. Mwaka mmoja nilitia vijiko vitatu nikitaka mambo yaende haraka. Yalienda haraka kweli, lakini tulipofika kwenye kurudisha maji seli hazikurudi. Zilikuwa zimekufa, na wanafunzi arobaini wananitazama mimi.

Hatua ya 2: Bandua ngozi yenye rangi

Toa maganda makavu, chukua tabaka la kwanza lenye nyama. Upande wa nje, ule uliobinuka, ndio wenye zambarau. Wengi hubandua ngozi ya upande wa ndani kwa sababu inatoka kirahisi. Ngozi hiyo haina rangi, na utakodoa macho bure. Chora kwa wembe mraba wa nusu sentimita, shika pembe moja kwa kibano, vuta polepole. Ikija na nyama nyeupe, tupa, jaribu tena. Mimi mwenyewe huharibu viwili vitatu kabla ya kupata kizuri.

Hatua ya 3: Tazama seli ikiwa imeshiba

Weka ngozi kwenye tone la maji safi, shusha kifuniko kwa mshazari ili kisinase mapovu. Utaona seli zimepangana kama matofali, na zambarau imejaa mpaka kwenye kuta. Rangi hiyo inaitwa antosianini na iko ndani ya vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji unaochukua sehemu kubwa ya seli. Vakuoli imevimba, imeibana saitoplazimu, ule ute wa seli, kwenye ukuta, na ukuta wa selulosi unakataa kupanuka zaidi. Seli imetuna. Msukumo huo, katika seli nyingi za mimea, unazidi ule wa upepo ndani ya tairi la gari dogo. Ndio unaousimamisha mchicha usio na mti wala mfupa.

Chora unachokiona sasa, maana baada ya dakika chache hakitakuwepo.

Hatua ya 4: Ingiza maji chumvi

Dondosha maji chumvi kwenye ukingo mmoja wa kifuniko, gusisha karatasi ya chooni kwenye ukingo wa pili ili ivute. Rudia mara mbili tatu. Jicho lisitoke kwenye lenzi.

Rangi itaanza kuachana na pembe za seli. Halafu itajivuta kando ya kuta, na baada ya dakika kama tano itakuwa donge la mviringo katikati ya chumba kitupu, zambarau yake imekolea kwa sababu maji yamepungua na rangi ni ile ile. Utando wa seli, ule mwembamba unaozunguka saitoplazimu ndani ya ukuta, unapitisha maji kirahisi, chumvi kwa shida. Maji yanaingia na kutoka muda wote. Ila sasa yanayotoka kufuata chumvi ni mengi kuliko yanayoingia. Hali hii ndiyo plasimolisisi, ambayo Hugo de Vries wa Uholanzi aliichunguza sana katika karne ya 19.

Hapa huwa nawasimamisha wanafunzi na kuwauliza: nini kimenywea? Watasema seli. Waambie watazame ukuta: uko karibu palepale. Kilichonywea ni utando na vilivyomo. Swali la pili ndilo linalowaangusha kwenye mtihani: ile nafasi kati ya ukuta na utando ina nini? Wengine husema hewa, wengine hakuna kitu. Ina maji chumvi, kwa kuwa ukuta wa seli hauchagui cha kupitisha.

Ukishalielewa hilo, utaona kosa la kusema mchicha ulionyauka sokoni umefanya plasimolisisi. Jani linalokauka hewani halina mmumunyo wa kujaza nafasi hiyo, na hewa haipenyi kirahisi kwenye vitundu vidogo mno vya ukuta uliolowa. Utando haubanduki, unauvuta ukuta, vyote vinajikunja pamoja. Vitabu vingi vya shule vinaliruka jambo hili.

Hatua ya 5: Rudisha maji

Fanya vilevile kwa maji safi, mara nne au tano. Donge litapanuka mpaka ligusane tena na kuta. Usiziache seli kwenye chumvi zaidi ya dakika kumi, na usishangae chache zikikataa kurudi.

Hatua ya 6: Jaribu na seli iliyokufa

Tumbukiza kipande kingine kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, kisha rudia hatua ya 4. Rangi itakuwa imevuja, na chumvi haitafanya lolote. Ukuta bado upo. Utando ndio ulioharibika.

Kama hadubini hakuna

Kata vijiti viwili vya kiazi mviringo, kila kimoja sentimita 5. Kimoja maji safi, kingine maji chumvi, saa moja. Pima tena urefu, kisha jaribu kuvikunja: cha maji safi kitakatika kwa mlio, cha chumvi kitapinda kama mpira.

Ukimaliza, futa meza ya hadubini kwa kitambaa chenye maji safi, kisha kikavu. Tone la chumvi likilala pale wikendi nzima, Jumatatu unakuta kutu.