Kwaruza kwanza, ndipo ukate thredi

Fundi mwenzangu unayechonga bolti za injini za mitumbwi hapa Kirumba: kwenye mashine ndogo ya kukereza, usianze kukata thredi (mistari ya kuzunguka bolti) kwa nguvu. Gusisha kisu chenye ncha ya pembe ya digrii 60, ingiza milimita 0.05 tu, pitisha mara moja, simamisha, weka rula. Bolti ya M10 ya kawaida (kipenyo milimita 10), nafasi 10 kati ya mistari uliyokwaruza zitimize milimita 15 kamili. Zikizidi au kupungua, gia umezipanga vibaya, na chuma chako bado kizima.

Kingine, na hiki huharibu kazi nyingi mno: skrubu ndefu ya mashine, ile inayosukuma kisu, ikiwa ya inchi na unakata thredi ya milimita, usiachie wenzo unaobana nati kwenye skrubu hiyo mpaka umalize. Toa kisu nje, simamisha mota, kisha izungushe kinyumenyume ili kisu kirudi mwanzo.