Ukitaka kusomea homiopathia ukiwa Mtwara

Mdogo wangu, homiopathia ni tiba mbadala ya dawa zilizozimuliwa mno; kaza baiolojia, kemia na fizikia kwanza. Huko India shahada yake, BHMS, ni miaka 5 na nusu, mwaka wa mwisho ukiwa wa mafunzo kwa vitendo. Hesabu pesa za korosho mapema.

Mkono wangu ulijifunza kwa chupa: sehemu 1 ya dawa, 99 za alkoholi, tikisa, chota 1, rudia mara 30. Ndiyo dawa iitwayo 30C. Bega lawaka! Na kemia itakwambia hapo haijabaki chembe.

Ukirudi, usitundike kibao kabla ya kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya 2002. Mwenye homa apelekwe hospitali ya Ligula akapimwe malaria; vidonge vyako vitamu haviitibu.