Inveta ya kwenda nayo dago: namna ya kuichagua

Wavuvi wanaopita kibandani kwangu hapa Wete kabla ya kuhamia dago, kambi ya uvuvi ya muda kisiwani, huanza na swali moja: "Fundi, tuchukue inveta ya wati elfu mbili au ya wati elfu tatu?" Nami huwauliza: huko kisiwani mtawasha nini? Pesa ya inveta, mashine ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani, inatoka kwenye mgao wa chombo kizima, ni jasho la watu, na inaniuma kuiona imeishia kwenye mashine ambayo betri yao haiwezi kuilisha.

Kaa na nahodha na mpishi, mwandike kila kitu chenye waya, kisha mkigawe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vile visivyohitaji inveta kabisa: simu, taa, redio, tochi za kichwani. Hivyo vifungie soketi za yuesibi na taa za LED za volti 12, vipate umeme moja kwa moja kwenye betri. Ukiichaji simu kupitia inveta, umeme unapandishwa kutoka volti 12 hadi 230, halafu chaja inaushusha tena hadi 5, na kila hatua inakata kidogo chake.

Fungu la pili ndilo linalotaka inveta: televisheni ya kutazamia mpira, keekee ya umeme ya kutengenezea chombo, chaja za vifaa vya fundi seremala. Soma wati zilizoandikwa kwenye kila kimoja. Chukua mfano wa keekee ya wati 650 na televisheni ya wati 40. Vikiwaka pamoja ni wati 690. Lakini mota inapoanza kuzunguka huvuta mara mbili au tatu ya wati zake kwa kitambo kidogo. Dago la namna hii linataka inveta ya wati 1000 za kudumu, inayostahimili 2000 za mshtuko. Zaidi ya hapo ni mzigo.

Najua watu wanasema akiba haiozi. Inveta kubwa lakini inakula hata kama haijachomekwa kitu. Ile ya wati 3000 yaweza kuvuta wati 20 bure, na ikiachwa usiku kucha, saa 12, ni wati-saa 240. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Kwa hiyo umepoteza sehemu mbili katika tano za umeme wako na wala hujawasha taa.

Sasa dukani, iwe Chake au Darajani, na hapa ndipo nawaomba msiwe na haraka. Namba kubwa iliyochorwa kwenye boksi mara nyingi ni ya mshtuko, si ya kudumu. Mwombe muuzaji akuoneshe fyuzi. Kwenye inveta nyingine zinaonekana kitakoni, nyingine mpaka kifunguliwe kifuniko. Zihesabu. Ukikuta tatu za ampea 30, jumla ni 90, na 90 mara volti 12 ni wati 1080. Basi hata boksi liseme 2000, mashine hiyo haiwezi kubeba 2000 kwa kudumu. Tazama na skrubu za kufungia waya: inveta ya kweli ya wati 1000 haiwi na skrubu nyembamba kama za soketi ya ukutani.

Kisha ijaribu. Omba pasi ya wati 1000, ipandishe joto hadi mwisho, uiache mpaka ijikate yenyewe. Inveta ikilia au ikizima wakati betri imejaa na waya ni mnene, iache hapo hapo. Baada ya pasi chomeka feni na usogeze sikio. Feni ikinguruma kuliko inavyonguruma kwa umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, hiyo ni inveta ya mawimbi ya ngazi. Mota zitapata moto nayo, na baadhi ya chaja zitaungua. Lipa zaidi uchukue ya wimbi laini, ile iliyoandikwa "pure sine wave". Kwa wenye keekee na televisheni mie sishauri nyingine.

Ukinunua iliyotumika kutoka nje, hakikisha inatoa volti 220 hadi 240 na hezi 50. Zipo za Marekani na Japani za volti 100 au 120, hizo hazitufai.

Waya unaokuja ndani ya boksi mara nyingi ni mwembamba. Wati 1000 kwa volti 12 ni ampea 83, na ukijumlisha umeme unaopotea kwa joto, hesabu kama 95. Mimi hufunga waya wa kuchomelea, milimita za mraba 35, usiozidi mita moja na nusu, na fyuzi ya ampea 125 karibu kabisa na kichwa chanya cha betri. Wenye betri ya lithiamu waulize kidhibiti chake cha ndani kinaruhusu ampea ngapi. Kikiwa cha 50, kitakata umeme mara tu keekee itakapokaza kwenye ubao.

Friza wengi wanaitamani. Kwa joto letu na kufunguliwa kila mara, hata ndogo yaweza kula wati-saa 1000 kwa siku, na hapo unazungumzia betri mbili za asidi na paneli za kutosha kuzijaza. Kwa samaki wa dago barafu ya mjini bado ni nafuu. Asiyeweza kuikosa friza anunue ya volti 12 au 24, isiyopita kwenye inveta.

Bandani, inveta ikae mbali na madumu ya petroli ya mashine ya boti, kwa sababu cheche moja ya swichi yatosha kuwasha mvuke. Usiifungie sanduku moja na betri ya asidi, maana betri hiyo ikichajiwa hutoa gesi inayolipuka. Iinue juu ya mchanga, feni yake isielekee upande wa bahari. Vichwa vya betri paka grisi kabla ya kutweka, kwani chumvi huleta kutu ya kijani upesi sana. Na chukua fyuzi za akiba za kila aina uliyozihesabu pale dukani, pamoja na mita ndogo ya volti. Betri ya asidi iliyopumzika ikisoma 12.2, zima inveta usiku huo, usingoje ijikate yenyewe, maana nyingi hukata karibu na 10.5, na hapo betri imeshaumia.