Wimbi lenye vilele vyembamba kwa fomula moja

Ukitaka mapigo makali yanayojirudia, usihangaike na sin(x) iliyopandishwa kipeo: kipeo shufwa hukuletea vilele viwili kwa kila mzunguko, kipeo witiri huacha vilele vya chini ya sifuri. Tumia y = exp(k·(cos x − 1)), yaani namba e (kama 2.718) iliyopandishwa kipeo k·(cos x − 1); k ni namba chanya unayoichagua kuamua wembamba wa kilele. Kilele ni 1 daima, kila baada ya 2π. Kwa k = 50, upana kwenye nusu ya kimo ni kama radiani 0.33 (nyuzi 19). Ukizidisha k mara nne, upana unapungua nusu.

Hiyo −1 usiiache: bila hiyo, k = 800 hufurisha namba za biti 64 za kompyuta, yaani jibu huwa kubwa kupita kiwango zinachoweza kubeba. Grafu ikikosa vilele, ongeza pointi. 20 kwa mzunguko hazitoshi, weka 200. Ncha iliyochongoka kabisa? 1 − |sin(x/2)|.