Jinsi ya kudizaini waleti ya malipo ndani ya VR (dunia ya kidijitali unayoiona kwa kuvaa miwani maalumu)

Usianze na rangi, anza na PIN. Mtu akishavaa miwani ya VR hamuoni aliyekaa pembeni, ila yule wa pembeni anaona kabisa mkono unavyobonyeza hewani, kwa hiyo changanya mpangilio wa namba kila kibodi inapofunguka, hapo hata akikariri mkono ulivyoenda haimsaidii kitu.

Kitufe cha kulipa kisikubali mguso mmoja, humo ndani mikono inagusa vitu bila kukusudia, bora ashikilie kama sekunde 2 huku duara linajaa na kiasi kinaonekana kikubwa, na jina la anayelipwa. Namba ya kadi usiitunze, tunza tokeni, yaani namba mbadala inayosimama badala ya ile ya kadi. Skrini isigandie kichwa, yaani isimfuate kila anapogeuka, inatia kizunguzungu, iweke mita 1.5 hivi mbele yake. Risiti itume kwenye simu pia.